Siku moja Nara na mwongoza watalii: namna ya kuichagua safari na kuitembea

Nara, mji wa kale wa Japani, iko karibu mno na Osaka, na ukaribu huo ndio unaoifanya idharaulike. Unapanda treni dakika arobaini, unashuka, unapiga picha na kulungu, unamtazama Buddha mkubwa, unarudi mjini kula. Mama mdogo aliponitembelea Osaka nilimpeleka hivyohivyo, mbio mbio, na usiku akaniuliza, "Hivi mwanangu, ule mji hasa ulikuwa wa nini?" Nikabaki kujiumauma. Wiki iliyofuata tulirudi tukiwa na kikundi cha watu wanane, tukiongozwa na mama mmoja wa makamo aliyebeba mwavuli wa bluu. Tulipita njia ileile, lakini safari hii Mama mdogo alirudi nyumbani na hadithi za wiki nzima. Haya ninayoandika yametokana na tofauti ya siku hizo mbili.

1. Amua kwanza kama unamhitaji mwongozaji

Nara, kwa jina la zamani Heijo-kyo, ilikuwa mji mkuu wa Japani tangu mwaka 710 hadi 784. Serikali ilipohama, mahekalu yalibaki. Kwa hiyo unachokwenda kuona ni majengo makubwa ya mbao, sanamu na taa za mawe, na vibao vya maelezo vina mistari michache tu. Asiyejua kisa chake huchoka upesi. Hekalu la tatu likifika huliona sawa na la kwanza.

Kama shida yako ni kulungu na picha, usilipe mtu. Nenda mwenyewe, bustani haina kiingilio. Kama unataka kuelewa, au umeongozana na mzazi ambaye hutaki azunguke akitafuta njia, mwongozaji ana faida. Ipo pia njia ya katikati ambayo wengi hawaijui: Nara ina vikundi vya waongozaji wa kujitolea, wakiwemo wanafunzi wa chuo wanaopenda kufanya mazoezi ya Kiingereza. Unawaandikia siku kadhaa kabla, hawadai malipo, ila nauli yao, kiingilio chao na chakula cha mchana ni juu yako. Nimewatumia. Ujuzi wao hutofautiana, moyo wao ni uleule.

Usitegemee kupata mwongozaji wa Kiswahili. Utaongozwa kwa Kiingereza, na Kifaransa kikitafutwa hupatikana. Kama unayemtafsiria ni mzazi, mwambie mwongozaji mapema, asubuhi kabla hamjaanza, akupe nafasi kila baada ya maelezo. Wajapani hawapendi kukatizwa katikati ya sentensi, lakini ukiomba mapema watakuwekea nafasi hiyo siku nzima bila kukumbushwa.

2. Soma ratiba kabla ya kusoma bei

Hapa ndipo watu hupoteza pesa. Kuna safari za basi zinazoahidi Nara, mahekalu ya Kyoto na mashamba ya chai ya Uji kwa siku moja. Chukua kalamu, hesabu. Ukitoa saa za barabarani, za chakula na za kumsubiri aliyechelewa chooni, Nara inabakiwa na saa mbili, na katika hizo moja imeliwa na kulungu. Nilishawahi kununua safari ya namna hiyo, na kitu ninachokikumbuka vizuri ni maegesho ya mabasi.

Tafuta safari ya Nara peke yake, ya kutembea kwa miguu, inayoanzia Nara penyewe au inayokusanya watu stesheni ya Osaka au Kyoto kisha wote mnapanda treni. Saa tano au sita zinatosha. Idadi ya watu iwe kumi hivi, isizidi kumi na mbili. Zaidi ya hapo wa nyuma hawasikii, na mwongozaji anageuka mchunga kondoo.

Kabla ya kulipa, waulize waandaaji maswali haya kwa ujumbe mmoja: Idadi ya juu ya watu ni ngapi? Viingilio vimo ndani ya bei au kila mtu anajilipia? Chakula cha mchana je, na kama kimo, ni chakula gani? Mvua ikinyesha inakuwaje? Na mwongozaji ana leseni ya taifa? Swali la mwisho lina sababu. Zamani ilikuwa marufuku mtu asiye na leseni kuongoza wageni kwa malipo. Sheria ilibadilishwa, na tangu Januari 2018 yeyote anaruhusiwa, ila cheo cha mwongozaji-mkalimani aliyesajiliwa na taifa ni cha waliofaulu mtihani tu. Mtihani wenyewe una historia na jiografia ya Japani, si lugha pekee. Wasio na leseni wapo wazuri sana, lakini mwenye leseni ukimuuliza swali la pembeni, hatababaika.

Kwa wanaotokea nyumbani: Mtanzania na Mkenya wanahitaji viza ya Japani, na ratiba ya safari ni sehemu ya maombi. Shughulikia viza kwanza, safari ya siku moja ilipie baadaye.

3. Chagua siku

Mwishoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Aprili ni maua ya micheri, na Novemba ni majani mekundu. Ni kuzuri kweli, na dunia nzima imeshaambiwa. Epuka pia wiki ya sikukuu inayoanza mwishoni mwa Aprili. Agosti ni joto la jasho lisilokauka. Mtu wa Dar es Salaam atajiona yuko nyumbani mwezi wa pili, bila upepo wa bahari. Mimi hupenda Februari mwanzoni na Desemba katikati. Baridi inauma kwa sababu mji uko bondeni, lakini unaweza kusimama mbele ya sanamu bila kusukumwa. Chukua siku ya katikati ya wiki, si Jumatatu, maana Makumbusho ya Taifa ya Nara hufungwa siku hiyo.

4. Usiku wa kuamkia safari

Viatu vilivyozoea mguu wako, maana mtatembea kilomita saba au nane, nyingine juu ya kokoto. Soksi zisizo na matundu, kwa kuwa baadhi ya kumbi huvuliwa viatu. Sarafu na noti ndogo. Vibanda vya bustani havipendi kadi. Mfuko wa kuwekea takataka zako mwenyewe, kwa sababu mapipa hutayaona. Begi lenye zipu, si kikapu kilicho wazi, na sababu utaiona ukikutana na kulungu.

Jambo jingine ni saa. Wajapani huandika saa kwa mtindo wa 24, na sisi tuna hesabu yetu. Mkutano wa 9:00 ni saa tatu asubuhi, na 15:00 ni saa tisa alasiri. Inaonekana ya kitoto, lakini rafiki yangu mmoja, akiwa amechoka na safari ya ndege, aliona 9:00 akasoma saa tisa. Tulimkuta hotelini jioni, amelala fofofo. Kikundi cha Japani hakingoji: ukiambiwa 9:00, fika dakika kumi kabla.

5. Treni

Kutoka Osaka panda treni ya kampuni ya Kintetsu katika stesheni ya Osaka-Namba, treni ya haraka inayoandikwa *kaisoku kyuko*. Nauli niliyolipa mara ya mwisho ni yen 680. Usiingie kwenye ile ya kifahari yenye viti vya namba bila tiketi ya ziada. Kondakta atakuja, atainama kwa heshima zote, na utalipa. Kutoka Kyoto ziko Kintetsu na JR, kampuni nyingine ya reli, na treni za haraka za zote mbili ni chini ya saa moja. Wenye pasi ya JR wajue kwamba haifanyi kazi kwenye Kintetsu. Kadi ya kugusa kama ICOCA inafanya kazi kote.

Shuka Kintetsu Nara, si JR Nara, isipokuwa mwongozaji amesema vinginevyo. Ya kwanza iko karibu na bustani. Ya pili inakuongezea robo saa au zaidi ya kutembea. Na ukitokea Osaka, mkishapita stesheni ya Yamato-Saidaiji, nyanyua macho kwenye simu. Reli inakatiza katikati ya uwanja wa kasri la zamani: kushoto kuna ukumbi mkuu uliojengwa upya, kulia lango jekundu la Suzakumon. Ni sekunde chache tu, na huo ndio mji mkuu wa mwaka 710, sasa ni nyasi.

6. Asubuhi: Todai-ji kabla ya mabasi

Mwongozaji mzuri atawapeleka kwanza Todai-ji, hekalu la yule Buddha mkubwa. Ukumbi wa Buddha hufunguliwa saa 1:30 asubuhi kuanzia Aprili hadi Oktoba, na saa 2:00 miezi mingine. Mabasi makubwa huanza kumwaga watu kuanzia saa nne. Kama ratiba inaanzia kwingine na kufika hapa saa tano, uliza kama mnaweza kugeuza. Kikundi kidogo hugeuka kirahisi.

Simameni kwenye lango la kusini, Nandaimon. Wengi hulipita wakimfuata kulungu. Ndani ya lango, pande mbili, kuna walinzi wawili wa mbao wenye urefu wa zaidi ya mita nane, waliochongwa mwaka 1203 na mafundi Unkei na Kaikei pamoja na karakana yao. Mmoja amefumbua kinywa, mwingine amefumba. Mwache mwongozaji akueleze kwa nini. Ni maelezo marefu yanayoanzia na sauti ya kwanza na ya mwisho ya Kisanskriti.

Halafu Buddha mwenyewe. Ana mita 15 hivi akiwa amekaa. Uliza kwa nini alitengenezwa, maana hapo ndipo hekalu linapogeuka kuwa habari ya watu. Kati ya 735 na 737 ndui iliua watu wengi mno nchini. Mfalme Shomu, akitafuta kinga kwa taifa lake, mwaka 743 aliamuru sanamu hii itengenezwe kwa shaba ya kuyeyushwa na kumiminwa. Ilifunguliwa macho mwaka 752, na aliyeshika brashi ya kuchora macho alikuwa mtawa kutoka India, Bodhisena. Brashi ilifungwa kamba ndefu ili waliohudhuria waishike na kuhesabiwa kuwa nao wamechora. Mama mdogo alipotafsiriwa hilo aliguna, "Kumbe ni kama kushikana nguo kwenye dua."

Jengo unaloliona si lile la kwanza. Lilichomwa vitani mwaka 1180, likachomwa tena 1567, na hili la sasa lilikamilika 1709, jembamba kuliko lililotangulia, na bado ni miongoni mwa majengo makubwa kabisa ya mbao duniani. Ndani kuna nguzo yenye tundu linalosemekana kulingana na pua ya Buddha. Watoto hupita. Watu wazima hujaribu, na kila mtu hutazama. Nje ya mlango, upande wa kulia, amekaa mzee wa mbao mwenye kitambaa chekundu: wenyeji hugusa sehemu ya mwili wake inayowauma miilini mwao. Magoti yake yamesuguliwa kweli.

Muulize pia mwongozaji habari za Shosoin, ghala la magogo lililoko nyuma ya ukumbi. Mfalme Shomu alipofariki mwaka 756, mjane wake alitoa vitu vyake kwa hekalu, na vimo vyombo vilivyotoka hadi Uajemi. Sisi watu wa pwani tutapenda zaidi gogo la udi linaloitwa Ranjatai, lenye urefu wa mita moja na nusu, lililoletwa kutoka kusini-mashariki mwa Asia. Watawala wamekuwa wakilikata vipande kama heshima kubwa. Mbabe wa vita Oda Nobunaga alijikatia chake mwaka 1574. Udi, udi uleule wa kufukizia bibi harusi! Ghala huliona kwa nje tu. Baadhi ya vitu huonyeshwa kila vuli kwenye Makumbusho ya Taifa.

7. Kulungu, na adabu yake

Nawaita kulungu kwa kukosa jina jingine, ila si kulungu wa misitu yetu: dume wa huko huangusha pembe kila mwaka na kuota nyingine. Wako zaidi ya elfu moja, hawana mwenyewe, na wameheshimiwa kwa karne nyingi kwa sababu mungu wa hekalu la Kasuga anasimuliwa kuwa alikuja Nara amepanda kulungu mweupe.

Biskuti zao huuzwa vibandani kwa kifungu, yen 200 nilipopita mara ya mwisho. Huo ndio mlo pekee unaoruhusiwa kuwapa. Fanya hivi: nunua, sogea mbali na kibanda, kisha gawa upesi. Usimringie mnyama kwa biskuti ili ainame mara ya tano upate video. Kuinama kwake ni ombi, na akichoka kuomba atakuuma mgongoni. Zikiisha onyesha viganja viwili vitupu, ataondoka. Miezi ya vuli madume ni wakali kwa sababu ya majike, na Mei hadi Julai usimkaribie mama mwenye mtoto, hata kama mtoto anakuita kwa macho.

Karatasi wanakula. Tiketi, ramani, na ncha ya mtandio wa Mama mdogo. Plastiki nayo wanakula, na hiyo inawaua: mwaka 2019 mmoja aliyekufa alikutwa na kilo 4.3 za plastiki tumboni. Mwaka huohuo Tanzania ilikuwa ikipiga marufuku mifuko ya plastiki, kwa hiyo hapa hatuna kisingizio cha kutojua.

8. Panda Nigatsu-do, kisha Kasuga

Nyuma ya ukumbi wa Buddha njia inapanda taratibu hadi Nigatsu-do, ukumbi mwingine wa Todai-ji. Hakuna kiingilio, na kutoka baraza yake unauona mji wote hadi milima ya ng'ambo. Safari nyingi huuruka mlima huu kuokoa nusu saa. Omba usirukwe. Ibada ya moto na maji ya hapa, inayofanyika kila Machi, inahesabiwa kuwa haijakatizwa tangu 752. Kuna ngazi, lakini mwenye magoti mabovu atapitishwa kwenye mteremko wa nyuma na mwongozaji anayejua njia.

Kutoka hapo mnafuata mguu wa kilima cha Wakakusa hadi Kasuga Taisha, iliyoanzishwa mwaka 768. Hapa mmetoka kwa Buddha mmeingia kwa Shinto, dini ya jadi ya Wajapani, na desturi inabadilika: kwenye Shinto watu huinama mara mbili, hupiga makofi mawili, huinama tena, kwenye hekalu la Buddha hakuna makofi. Hulazimiki kufanya lolote. Muislamu au Mkristo akisimama pembeni kwa utulivu, hakuna atakayemwangalia vibaya. Usisimame tu katikati ya njia, hiyo wanaiachia miungu yao.

Kasuga ina taa zipatazo 3,000, za mawe njiani na za shaba kwenye mapaa, zilizotolewa na waumini kwa karne nyingi. Zote huwashwa usiku mwanzoni mwa Februari na tarehe 14 na 15 Agosti. Siku nyingine, lipia kiingilio cha sehemu ya ndani, utafute chumba cha giza kinachowashwa taa mwaka mzima. Dakika tatu humo zinatosha.

9. Chakula na swala

Jambo hili usimwachie mwongozaji alikumbuke; mwambie siku unayolipia. Chakula cha Nara ni *kakinoha-zushi*, wali wenye siki na kipande cha samaki, mara nyingi jamii ya vibua, vilivyofungwa kwenye jani la mti wa matunda uitwao kaki. Asiyekula nguruwe atakipenda, ila wakati mwingine wali huo hutiwa mvinyo kidogo wa kupikia, kwa hiyo uliza. Achari ya *narazuke* iache moja kwa moja kama huli kilevi, imelowekwa kwenye masimbi ya pombe ya mchele. Mchuzi wa tambi za rameni mara nyingi ni wa mifupa ya nguruwe. Mimi hubeba chapati.

Wakati wa baridi alasiri huingia mapema, kabla ya saa tisa, na magharibi kabla ya saa kumi na moja na nusu. Mwongozaji akijua, atapanga mapumziko. Bustani ina nafasi tele za kutandika mkeka, ila chagua mahali kwa uangalifu: kulungu hawana choo maalum.

10. Mchana: Naramachi na kuagana

Mitaa ya Naramachi ilikua juu ya ardhi iliyokuwa ya hekalu la Gango-ji. Nyumba ni nyembamba mbele, ndefu kwenda ndani, na kwenye mapaa ya barazani huning'inia vinyago vyekundu vya nyani vinavyopokea balaa badala ya wenye nyumba. Karibu na hapo, kwenye barabara ya Sanjo, kuna duka ambapo vijana wawili hutwanga *mochi*, donge la mchele wa kunata, kwa kupokezana, mmoja akiligeuza likifuka mvuke kati ya pigo na pigo. Ukiwa umekua na kinu na mchi utajikuta unahesabu mapigo nao. Mama mdogo aliomba mchi. Walimnyima kwa adabu.

Mnara wa ghorofa tano wa hekalu la Kofuku-ji, uliojengwa upya mwaka 1426, umefunikwa kwa ukarabati wa miaka kadhaa. Safari ikiutangaza kama kivutio kikuu kwa picha ya zamani, hiyo ni dalili kwamba mwandaaji hajaenda siku nyingi.

Bakshishi haipo. Ukimpa mwongozaji pesa mkononi utamtia aibu. Zawadi ndogo inakubalika, ikiwa imefungwa: pakiti ya kahawa ya Kilimanjaro ilimfanya yule mama wa mwavuli wa bluu asimame stesheni akituinamia mpaka tukapotea kwenye ngazi.

Treni za Kintetsu zinaanzia hapo, kwa hiyo panga foleni kwenye alama za chini, kiti utapata. Safari hii lango la Suzakumon liko kushoto.